Kibaba na Gunia: Habari za Kununua Vitu vya Nyumbani kwa Wingi katika Nchi ya Shinyanga na Geita



Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari ya jambo lililo karibu na kila jiko, nalo ni ununuzi wa vitu vya nyumbani: unga, chumvi, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na mafuta ya taa. Kila nyumba hununua vitu hivi, lakini si kila nyumba huvinunua kwa bei moja. Mtu anunuaye gunia zima hulipa kidogo kwa kila kibaba kilichomo ndani yake. Mtu anunuaye kibaba kimoja kimoja hulipa zaidi, ingawa unga ni uleule, umetoka shamba moja na mashine moja. Basi hapo pana jambo la kusikitisha, maana mwenye mali ndiye apataye vitu kwa rahisi, na maskini ndiye anunuaye ghali.

Tumechagua kuitazama nchi ya Shinyanga na Geita kwa sababu watu wake ni wa namna nyingi. Wako wakulima wa pamba na nafaka, wako wafugaji, na wako wachimbaji wa dhahabu na almasi. Watu hawa na wazee wao wamejaribu njia nyingi za kuondoa hasara hiyo. Njia nyingine zilifaa, nyingine zilivunjika. Tukizifuata kwa taratibu ya miaka tutajifunza kwa nini hizi zilifaa na zile hazikufaa, na elimu hiyo ina faida hata leo.

HESABU YA KIBABA

Kwanza na tueleze vipimo. Zamani watu wa pwani na wa bara walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Vitu vizito, kama pembe na chumvi, vilipimwa kwa frasila, nayo ilikuwa kama ratili 35. Baadaye mafuta ya taa yalipoletwa katika makopo ya bati ya galoni 4, kopo hilo likawa kipimo cha nafaka, likaitwa debe. Siku hizi twapima kwa kilo na lita, lakini debe halijatoweka sokoni, na dukani watu bado hununua robo kilo ya sukari, kipande cha sabuni, na mafuta ya kupima kwa kikombe kidogo.

Sasa tufanye hesabu ya mfano tu. Bei zake si za duka fulani. Tuseme gunia la sukari la kilo 50 lauzwa kwa jumla shilingi 130,000. Mwenye duka akiligawa katika robo kilo atapata robo 200. Akiuza kila robo kwa shilingi 800, atapokea shilingi 160,000. Tofauti ni shilingi 30,000. Hatusemi kwamba fedha hiyo yote ni faida yake, maana hulipa kodi ya nyumba, hulipa gari, hukaa dukani toka alfajiri hata usiku, na sukari nyingine humwagika au huliwa na sisimizi. Wala hatusemi kwamba kazi yake haina maana. Lakini ikiwa nyumba kumi zitaweka fedha pamoja, zinunue gunia hilo, na kulipa shilingi 5,000 za kulibeba, kila nyumba itapata kilo 5 na kubakiwa na shilingi 2,500 mkononi. Wakifanya hivyo kwa sukari, mafuta, sabuni na unga, mwezi baada ya mwezi, fedha itakayobaki yaweza kununua daftari na sare za mtoto wa shule.

Ikiwa hesabu ni nyepesi hivyo, kwa nini watu wote hawafanyi hivyo? Jibu ni kwamba gunia hutaka fedha yote kwa siku moja, na maskini hana fedha yote kwa siku moja. Tena gunia la watu kumi hutaka watu kumi waaminianao. Mambo haya mawili ndiyo yaliyoongoza historia tunayoisimulia.

SAFARI ZA CHUMVI

Kabla ya reli na kabla ya maduka, Wasukuma walikuwa na mahitaji machache yasiyopatikana nyumbani. Mawili makubwa yalikuwa chumvi na chuma. Majembe yalitoka kwa wahunzi, na mashuhuri miongoni mwao walikuwa Warongo wa upande wa Geita, waliojua kuyeyusha mawe ya chuma. Chumvi ya watu wa Unyamwezi ilitoka Uvinza, na watu wengi wa Usukuma waliifuata Ziwa Eyasi, mbali upande wa mashariki.

Safari ya Eyasi haikuwa safari ya mtu mmoja. Nchi ya njiani ilikuwa pori kavu lenye wanyama wakali, na maji yalikuwa haba. Kwa hiyo watu walingoja kiangazi, baada ya mavuno, wakakusanyika kundi zima chini ya kiongozi ajuaye njia na visima. Walikwenda pamoja, wakakusanya chumvi, wakarudi na mizigo ya kutosha miezi mingi. Chumvi iliyozidi ilibadilishwa kwa nafaka au mbuzi kwa majirani wasiokwenda. Huo haukuwa ununuzi wa dukani, lakini maana yake ilikuwa ileile: mwendo mmoja mrefu badala ya mia mifupi, mzigo mkubwa badala ya kibaba, na watu wengi badala ya mmoja.

Nyumbani nako kulikuwa na desturi ya kuweka akiba. Mtama na uwele uliwekwa katika vihenge, yaani maghala yaliyosukwa mfano wa vikapu vikubwa, yakainuliwa juu ya ardhi na kuezekwa. Viazi vitamu vilikatwa vipande na kuanikwa, vikawa michembe. Au vilipikwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikaitwa matobolwa. Vyakula hivi vyakaa muda mrefu bila kuoza, navyo huliwa hata leo katika Usukuma. Wazee wale hawakuandika hesabu katika daftari, lakini walijua kwamba chakula cha miezi kumi na miwili hupatikana katika miezi michache, na asiyekiweka wakati huo atakitafuta kwa taabu.

RELI, PAMBA NA DUKA

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Tanganyika, na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, imepita Shinyanga. Gari la moshi lilibeba pamba kwenda pwani, likarudi na chumvi, sukari, nguo, sabuni na mafuta ya taa. Maduka yakafunguliwa karibu na stesheni na katika vituo vya kununulia pamba. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi na Waarabu, na baadaye Waafrika wachache wakafungua viduka vyao.

Duka liliondoa taabu ya safari ndefu, na hiyo ilikuwa faida kubwa. Lakini lilileta taabu nyingine. Mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka, soko la pamba linapofunguliwa kati ya mwaka, na jiko lake hutaka chumvi na mafuta kila siku. Soko likifunguliwa, fedha ni nyingi, nguo hununuliwa na ng'ombe hununuliwa. Ifikapo masika mfuko ni mtupu, na jembe liko shambani. Hapo mkulima huenda dukani kununua kwa senti chache, au kukopa na kuahidi kulipa pamba itakapouzwa. Akikopa hana nguvu ya kuuliza bei wala kutazama mizani. Hivyo ndivyo kibaba kilivyopata nguvu juu ya gunia katika nchi iliyojaa magunia.

Katika migodi mambo yalikuwa ya namna nyingine. Huko Geita dhahabu ilichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mgodi ule ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Tanganyika wakati wake. Karibu na Shinyanga, mwaka 1940, Dakta John Williamson aligundua almasi Mwadui. Siku zile wafanyakazi wa mkataba walipewa posho, yaani sehemu ya ujira wao ilitolewa kwa chakula: unga, maharagwe, chumvi na vinginevyo. Mwajiri alinunua unga kwa magunia mengi, akaugawa kwa vipimo kila juma. Wafanyakazi hawakuhangaika na bei ya dukani, lakini hawakuchagua chakula chao wala hawakusimamia kipimo. Faida ya kununua kwa wingi ilikuwa mikononi mwa aliyenunua, wala haikuwa mikononi mwa walaji.

WAFUMAJI WA ROCHDALE

Hapa yafaa tutoke kidogo katika nchi yetu, twende Uingereza, maana jambo lililotokea huko mwaka 1844 lilikuja kuathiri Afrika Mashariki pia. Katika mji wa Rochdale, karibu na Manchester, walikuwako wafumaji wa nguo waliokuwa maskini sana. Mishahara yao ilikuwa midogo, na wengi walikuwa na madeni madukani. Tena siku hizo vyakula vya maskini katika miji ya Uingereza mara nyingi vilichanganywa na vitu visivyofaa. Unga, kwa mfano, ulitiwa chokaa ili upate uzito na weupe.

Watu 28 wakakubaliana kufungua duka lao wenyewe. Hawakuwa na fedha, kwa hiyo walitoa peni mbili au tatu kila juma, muda wa karibu mwaka mzima, hata zilipopatikana pauni 28. Tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua mlango. Vitu vyao vilikuwa vichache: unga, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa kidogo. Watu wa mtaa waliwacheka. Lakini wafumaji walikuwa na kanuni zao, wakazishika. Kila kitu kiliuzwa kwa fedha taslimu, bila mkopo. Kipimo kilikuwa cha haki na bidhaa ilikuwa safi. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Na faida, mwisho wa muda, ilirudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Duka likakua, na vyama vingine vikaiga. Mwaka 1863 vyama hivyo viliungana, vikaanzisha chama kikubwa cha kununua kwa jumla, ili vyama vidogo navyo visinunue kwa kibaba.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha muungano wao. Hivyo mafundisho ya Rochdale yakapata mahali pa kisheria katika nchi hii.

WENYE VIDUKA WA MWANZA NA WAKULIMA WA PAMBA

Vita Kuu ya Pili ilileta uhaba wa bidhaa. Nguo na sukari zilikuwa chache, na mwenye kiduka wa Kiafrika, aliyekuwa na mtaji mdogo, alipata shida kuvipata vitu kwa bei ya jumla. Alinunua kwa mwenye duka kubwa karibu kwa bei ya reja, kisha akaongeza yake kidogo, na mteja wake kijijini akalipa mara mbili. Katika miaka ya 1940 wafanya biashara hao wa Mwanza wakaunda Chama cha Ushirika cha Wafanya Biashara Waafrika, ili wanunue pamoja. Mwaka 1947 kijana mmoja, Paul Bomani, akawa katibu wake. Kabla ya hapo Bomani alikuwa amefanya kazi ya hesabu katika mgodi wa Mwadui. Hivyo alikijua kitabu cha hesabu na thamani ya kukitunza vizuri.

Katika kazi ile Bomani na wenzake walisikia malalamiko ya wakulima juu ya mizani. Wakulima walisema kwamba pamba yao hupunjwa kwenye vituo vya kununulia, wala hawakuwa na mtu wa kuwatazamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mizani na kupima tena mzigo kwa ajili ya mkulima. Jambo hili lilikuwa dogo kwa macho, lakini lilibadilisha mengi. Mtu aliyezoea kupokea kile alichoambiwa sasa aliweza kusema, "Pima tena." Mwaka 1952 Bomani aliongoza kuunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa ushirika ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja wake mkuu. Chini yake palikuwa na vyama vya msingi zaidi ya 300, katika Mwanza, Shinyanga, Maswa, Geita, Musoma na kwingineko. Muungano huo ulipata hata viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Mtu aweza kuuliza: Je, kuuza pamba pamoja na kununua sukari pamoja kuna uhusiano gani? Uhusiano upo. Mkulima mmoja akiuza mzigo wake peke yake ni mnyonge mbele ya mnunuzi, kama anavyokuwa mnyonge anunuapo kibaba. Akiungana na wenzake, mizigo yao huwa mingi, na mnunuzi humsikiliza. Kuuza kwa wingi na kununua kwa wingi ni mkono wa kulia na mkono wa kushoto wa mtu yuleyule.

MADUKA YALIYOKUJA KUTOKA JUU

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali ilitaka kuufikisha ushirika dukani. Mwaka 1962 uliundwa muungano wa ushirika wa kuuza bidhaa kwa jumla, ulioitwa COSATA kwa kifupi, ili maduka ya ushirika yafunguliwe nchini. Nia yake ilikuwa njema, lakini maduka mengi yalifunguliwa kwa haraka kabla watu hawajafunzwa kuyasimamia, na hesabu zao zikaharibika. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na biashara kubwa ya jumla ikaingia mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 kazi hiyo ikagawiwa kampuni za biashara za mikoa, na Shinyanga nayo ikapata ya kwake. Mwaka huohuo sheria ya kudhibiti bei ikatungwa.

Vyama vya wakulima navyo vilikuwa vimepatwa na ugonjwa. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza ushirika ikaona wizi, upendeleo na hesabu mbovu katika vyama vingi. Muungano wa Victoria ukawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa vyote. Mwaka huohuo ikaja Operesheni Maduka: viduka vya watu binafsi vijijini vilitakiwa kufungwa, na mahali pake pawe na duka moja la kijiji. Katika sehemu nyingi viduka vilifungwa kabla duka la kijiji halijawa tayari, na watu wakakosa hata chumvi. Operesheni ile ikasimamishwa upesi.

Kisha yakaja mashaka makubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 vikaanza vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikapungua, viwanda vikakosa vipuri. Wazee wa Shinyanga, kama wazee wa mikoa mingine, wanaikumbuka miaka ile kwa foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga. Bei iliyoandikwa ilikuwa ndogo, lakini bidhaa haikuwako. Na iliyokuwako ilipita mlango wa nyuma kwa bei ya magendo. Mwaka 1983 serikali ilifanya msako wa walanguzi, na mwaka 1984 ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Rafu za maduka zikaanza kujaa tena, nazo bei zikapanda.

Tusiwahukumu watu wa wakati ule kwa wepesi, maana walikuwa na lengo la haki, yaani mwanakijiji apate sukari kwa bei ileile ya mtu wa mjini. Lakini tofauti kati ya duka la Rochdale na duka la kijiji la mwaka 1976 yaonekana wazi. La kwanza lilijengwa kwa peni za wanachama, na kila mmoja alijua peni yake iko wapi. La pili lilikuja kwa amri, na wengi hawakulihesabu kuwa lao. Mali ikipotea, kila mtu alifikiri imepotea mali ya mwingine.

HALI YA SIKU HIZI

Katika mji wa Shinyanga iko kata iitwayo Kambarage, jina alilokuwa nalo Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na uwanja wa mpira wa mji nao waitwa hivyohivyo. Katika mitaa ya mji kama huu, na katika vijiji vya pamba, na katika kambi za wachimbaji wadogo wa Geita, duka halikosekani siku hizi, wala bidhaa haikosekani. Kilichobaki ni taabu ya kale: fedha ndogo ya kila siku yanunua ghali.

Katika kambi za wachimbaji jambo hili laonekana zaidi, kwa sababu fedha huja kwa bahati. Leo mtu amepata mawe mazuri, kesho hana kitu. Mara nyingi mwenye duara ndiye alishaye kundi lake: hununua unga, maharagwe na mafuta kwa wingi, na wachimbaji hula pamoja hata mawe yapatikane na kugawanywa. Kwa njia hiyo kundi huweza kuvumilia miezi ya shida. Lakini gharama za chakula huhesabiwa siku ya kugawana, na mchimbaji asiyeandika chochote hana la kujibu ahesabiwapo. Twawashauri wachimbaji waweke daftari la chakula wazi, lisomwe mbele ya wote kila juma, siyo siku ya mgawo tu.

Kina mama wa mjini na wa vijijini wamepata njia nyingine. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, na katika upatu, huchanga kidogo kidogo kila juma. Vikundi vingine huweka fungu la kununua vitu vya jikoni kwa jumla na kugawana, hasa karibu na sikukuu, bei zinapopanda. Hao wamefanya lile lililofanywa na wafumaji wa mwaka 1844: wameitafuta fedha ya gunia kwa kuichanga senti kwa senti. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba kibaba na kibaba hujaza gunia.

HADHARI

Kabla ya kumaliza, yatupasa kueleza hatari nne, maana mtu aweza kununua kwa wingi akapata hasara kubwa kuliko ile aliyoikimbia.

Ya kwanza ni kipimo. Gunia si kipimo. Mizani ndiyo kipimo. Wengi wajua habari ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Mkulima auzapo lumbesa kwa bei ya gunia hutoa nafaka bure. Sheria ya vipimo ya Tanzania yakataza mazao kufungwa katika gunia lenye uzito wa kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia. Kadhalika mnunuzi asilipe gunia la unga au mchele bila kuliona juu ya mizani.

Ya pili ni wadudu na unyevu. Karibu na mwisho wa miaka ya 1970 mdudu aitwaye dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, alionekana Tabora, kisha akaenea. Dumuzi huweza kugeuza mahindi kuwa vumbi katika miezi michache. Tena nafaka iliyowekwa ikiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Basi nafaka ikaushwe vizuri, iwekwe juu ya vichanja mbali na ukuta, au katika mifuko isiyopitisha hewa. Anunuaye gunia asiweze kulitunza amemnunulia dumuzi.

Ya tatu ni matumizi. Mafuta yakiwa ndoo nzima jikoni, mkono husahau kupima. Nyumba iliyozoea kutumia kikombe kimoja kwa siku yaweza kutumia viwili, na faida yote ikapotea katika sufuria. Mwenye kutunza jiko na aendelee kupima kwa kibaba kilekile, hata kama gunia limejaa. Wala usinunue kwa wingi kitu usichokihitaji, kwa sababu tu bei yake imepungua.

Ya nne, na kubwa kuliko zote, ni mkopo na siri. Mtu akikopa kwa riba nzito ili anunue gunia, riba itakula kile alichookoa. Na chama ambacho fedha zake zajulikana kwa mtu mmoja tu, hata kama mtu huyo ni mwema, kimo hatarini. Yafaa watu wawili watunze fedha, wa tatu aandike, na bei ya jumla isomwe kwa stakabadhi mbele ya wote siku ileile ya kununua. Anayegawa asichague fungu lake kwanza; achukue la mwisho. Hiyo ni desturi ndogo, lakini yafunga mlango wa manung'uniko.

MWISHO

Tukiitazama historia hii yote, tangu safari za Eyasi hata vikundi vya leo, twaona kwamba njia zilizodumu ni zile ambazo mtu alitoa chake, akakiona kinapimwa, akaruhusiwa kuuliza. Zilizovunjika ni zile ambazo mali ilikuwa ya wote kwa jina, na hesabu ilikuwa ya wachache. Hili halikutokana na umaskini wala utajiri wa nchi. Watu 28 wa Rochdale walikuwa maskini, na wenye viduka wa Mwanza hawakuwa matajiri.

Basi, ewe msomaji, ukitaka kuanza, usingoje chama kikubwa. Tafuta nyumba nne au tano za jirani unaowajua tabia zao. Chagueni kitu kimoja kisichooza upesi, kama chumvi, sabuni au sukari. Changeni kidogo kila juma hata fedha itimie. Ulizeni bei katika maduka matatu, mpime mzigo, mgawane mchana peupe, mwandike. Mwezi wa pili mtajua kama mwaweza kuongeza kitu kingine. Na ninyi wanafunzi mjuao kuandika na kutoa hesabu, wasaidieni wazazi wenu kutunza daftari, maana elimu hiyo ndiyo mliyopelekewa shuleni.